Herufi za Inchi Moja

Sheria inataka herufi ziwe na urefu wa inchi moja,
rangi ishindane na rangi ya nyuma yake,
na bango likae pale jicho la mwenye kuingia litakapotua.
Mimi ndiye nizichoraye. Marlys Kubena, Mabango na Stika,
karakana nyuma ya kiwanda cha barafu,
Pruett Bend, Teksasi, wilaya isiyo na kilima hata cha kusingiziwa.

Kila mlango una neno lake.
Mahakama: hapana. Posta: hapana, na usiulize.
Duka la mbegu: karibu, tena muuzaji anayo yake.
Kwa kinyozi: ndiyo, ila ivuliwe pamoja na kofia;
hiyo si sheria, hiyo ni adabu ya Thurman,
asiyependa chuma chini ya shuka lake.
Mkahawa wenye bia: piga kwanza hesabu,
fedha ya bia huku, fedha ya nyama kule,
kisha ndipo uniite.
Kanisani walibishana majuma matatu,
wakapiga kura mara mbili, wakatoka sare,
mchungaji akanilipa nusu ya bango.
Lingali kwangu. Limeandikwa TAFADHALI, basi.

Mteja wangu asiyenunua kitu
ni Orville Hatchell. Huja na daftari.
"Marlys, wiki hii umefunga wapi?"
Namtajia. Anailamba penseli, anaandika.
Tangu usiku ule wa kituo cha mafuta
(Nadine alikwenda kununua maziwa, maziwa tu)
bastola haijabanduka ubavuni mwake,
na kibali kimelala pochini
juu ya picha ya harusi.

Kwa hiyo matembezi yake ya jioni ni ramani ya kazi yangu.
Yeye na mbwa wake, Biskuti, hushuka Mtaa wa Pecan,
huvuka kabla ya shule,
huizunguka hospitali kwa nyuma, penye mapipa,
na kila stika ninayobandika
humwongezea hatua.
Nimewahi kuwafuata kwa macho na gari:
kilomita mbili hadi duka la mikate
lililo umbali wa kurusha jiwe.
Sheria haikumwonea. Sheria ilimwachia mji mzima
isipokuwa vyumba alivyovipenda.

Alhamisi nilikuwa juu ya ngazi, mlangoni pa maktaba,
nikibandua stika iliyopaushwa na jua.
Akaja bila mbwa.
Akasimama kwenye kidato cha chini,
akajipapasa ubavu kama mtu aliyesahau funguo,
na shati likabonyea, likanywea, hakuna kitu;
bega moja tu lilibaki limeinama
kwa mazoea ya uzito usiokuwapo.
Mkononi alikuwa na kitabu cha ndege wa nyikani.
"Cha Nadine," akasema. "Kimechelewa. Miaka sita."
Kisha akaugonga mlango uliokuwa wazi.

Sikujua nishuke, au nimpishe, au nimshike mkono.
Nilikuwa na herufi H kidoleni, gundi inakauka.
Nilimsikia akiuliza faini ni kiasi gani.
Jibu sikulisikia.

Alitoka baada ya saa nzima
akapita njia iliyonyooka, mbele ya shule, mchana kweupe,
kwa mwendo wa haraka, kama mwizi,
mikono yote miwili ikihangaika
haina pa kukaa.

Jumatatu alirudi karakanani.
Biskuti mguuni, chuma ubavuni, daftari mezani.
"Wiki hii umefunga wapi?"
Nikamtajia kliniki ya meno. Nikamtajia uwanja wa mpira.
Maktaba sikuitaja.
Akaiandika mwenyewe.