Nusu Kidonge

Viazi vilitangulia.
Vilishuka kilima cha Lincoln kimoja kimoja,
vikiruka juu ya mawe kama watoto waliofunguliwa chuoni,
ndipo nikageuka, nikakuona, Makame,
umekaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo,
kisha hukukaa tena. Ulilala.

Dakika moja, labda mbili.
Mwanafunzi mmoja akakulegeza skafu,
akaniuliza jina lako kwa sauti kubwa,
nami jina la mume wangu wa miaka arobaini na mmoja
likanipotea.

Hospitali wakaupiga moyo wako picha.
Vali ya mshipa mkuu, wakasema, imekakamaa:
chokaa imeshika bawaba, mlango haufunguki sawasawa,
damu inapenya kwa ubavu.
Ukacheka. "Chokaa?"
Miaka ishirini na sita umeziba nayo nyufa za watu,
makanisa, maghala, choo cha Bwana Whitlam.
"Basi nami nimepigwa lipu kwa ndani."

Daktari wa kwanza aliiogopa dawa.
Ukiishusha presha, na mlango wenyewe mwembamba,
kichwa kitakosa damu, utaanguka tena.
Akavifuta vidonge vyote kwa kalamu.
Presha ikapanda kama maziwa jikoni:
mia na sabini, mia na themanini na nane,
masikio yako yakivuma usiku kucha.

Wa pili, Bi Pritchard, ana mikono baridi na subira.
"Moyo wake unasukuma mlango mgumu," alisema,
"na nje kuna upepo unaurudisha ule mlango.
Tuupunguze upepo. Kidogo, huku tunatazama."
Nusu kidonge.
Nilikikata kwa kisu cha vitunguu.

Tangu hapo nyumba yetu ina sheria:
keti ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi ishirini,
simama, shika kabati, ndipo uende msalani.
Gizani nahesabu nawe, kimya.
Ukifika kumi na tisa ukakohoa,
naanza upya.

Na nilikuwa naandika. Asubuhi, jioni,
mkanda ukikubana mkono, mashine ikikoroma,
nami daftarini naandika (niseme?)
si zote nilizoziona.
Iliposoma mia na hamsini na tisa
niliandika mia na arobaini,
maana wangeongeza ile nusu ya pili,
nami nilikiogopa kilima,
niliviogopa viazi.

Jana natafuta iliki kwenye kopo la buluu,
nikakuta nusu kumi na moja, nyeupe,
kama meno ya utotoni yaliyofichwa.
Kumbe hata wewe.
Nilifungua mdomo nikugombeze mpaka jirani asikie,
daftari likanitazama kutoka mezani.
Nikaufunga.

Leo tumeviweka vyote mbele ya Bi Pritchard,
kopo na daftari.
Akasoma, akahesabu, hakutukemea.
"Kwa hiyo," alisema, "sijui bado kama dawa inamfaa.
Wala ninyi hamjui."
Akachukua kalamu, akaandika tarehe ya leo
juu ya ukurasa mtupu, akanirudishia.

Tukatoka. Barua ya upasuaji haijaja.
Kilima kiko palepale, na nyumba yetu iko juu yake.
Ulikitazama, ukanitazama,
ukatia mikono mfukoni kama kijana aliyeshindwa kamari.
Tukalingoja basi,
viazi nimepakata mimi.