Ngazi Arobaini na Tatu

Kila Januari Ajida Bosenge hutakiwa kuthibitisha
kwamba mguu wake haujaota.

Fomu ya kijani, nakala tatu, picha mbili,
muhuri wa daktari:
wa kushoto, chini ya goti, haupo.
Haukuwepo mwaka jana. Haukuwepo mwaka juzi.
Ungali haupo, mheshimiwa, tazama.

Buro yetu iko Nyamugo, juu ya duka la misumari.
Ngazi arobaini na tatu.
Mimi ndiye karani; nilizihesabu kwa masikio:
gongo, kiatu, pumzi. Gongo, kiatu, pumzi.
Kwenye ya ishirini na sita hupumzika,
hulaani kidogo kwa Kilingala,
kisha gongo.

Akifika huulizwa fotokopi.
Fotokopi iko chini.

Wenzake hawapandi tena.
Sajini Mudosa alibaki na masikio tu kule mpakani.
Yule wa Funu ana kigari cha magurudumu matatu
na gurudumu halijui ngazi.
Husubiri barabarani, kwenye tope jekundu,
wakiuza vocha na sambaza kavu,
hupandisha majina yao kwa mdomo wa Ajida
na majina hushuka mikono mitupu.

Mwa Cirhuza hakuwahi kushika bunduki.
Alifua sare yenye tundu, akaianika, akaikunja.
Barua zake kumi na saba nilizipokea mimi,
nikazigonga muhuri, nikazilaza kabatini.
*Hatuombi sadaka*, aliandika kila mara,
na kila mara alipigia mstari neno la kwanza.

Jumanne ile hakuja na barua.
Alishika meza upande mmoja.
"Shika huko, karani."
Nikashika. Hata leo sijui kwa nini.

Tukaiteremsha na daftari, na wino, na muhuri.
Kwenye ya ishirini na sita tulikwama ukutani,
nikatweta, nikasikia neno la Kilingala
likinitoka mimi.

Mvua ililipata daftari chini ya bati la misumari.
Majina mawili yalifutika; tukayaandika upya,
wenyewe wamesimama pale,
waliokuwa na cha kusimamia.

Pesa? Bado.

Ila Sajini Mudosa aliuweka mkono juu ya mbao,
akaupitisha polepole ukingo hadi ukingo,
akacheka.
"Kumbe ndiyo hii," akasema.
"Ndogo hivi."