Upande wa Pili

Katabaro, shemeji, rudisha sindano mwanzo.
Umezungumza juu ya pumzi yake,
na mtu anayezungumza wakati Dionizi anavuta pumzi
hana tofauti na anayekohoa wakati wa mageuzo.

Nimesema na nitasema, humu dukani, Mtaa wa Rufiji,
katikati ya redio nane ambazo wenyewe hawajazifuata:
Sospeter Kaijage alikuwa na vidole.
Vidole nampa.
Vilishuka ngazi mbili mbili
kama watoto wa Mabatini wanavyoshuka mawe
na ndoo kichwani, bila kutazama chini.
Lakini isikilize ile santuri yake ya studio, yenye nembo nyekundu:
kila noti imepigwa pasi, imefungwa vifungo hadi shingoni.
Anapuliza kama karani asomaye orodha ya mishahara,
hakosei jina la mtu,
wala hajui nani ana njaa.

Dionizi Mugeta alikosea.

Usiku ule Nyakato, ukumbi wa bati, mvua ya Machi,
fundi mitambo alining'iniza kipaza sauti kimoja
kwenye kenchi, kwa kamba ya nyavu.
Unasikia mvua. Unasikia chupa ikianguka.
Unasikia mwanamke akimwita Lubango,
na Lubango haitiki, mwaka wa arobaini na tisa huu.
Kisha magitaa yananyamaza, inabaki ngoma,
na Dionizi anaingia chini, chini kabisa,
pale sauti inapokuwa nusu hewa nusu mate,
kama gunia la pamba likikokotwa kwenye sakafu ya ghala.
Anapanda. Anaitafuta noti ya juu.
Anaikosa.
Inampasukia kama yai.
Wewe unasema: mwanzi mbovu.
Mimi nasema: ngoja, anazunguka, anapita palepale,
anaikosa tena, vilevile, kwa kusudi,
ili ile ya kwanza isione haya peke yake.

Na huo ni upande wa pili.
Upande wa kwanza waliweka wimbo wa arusi, wa kuuzia.
Upande wa pili huwekwa kile
ambacho mwenye studio hakukipenda
na mkono ukamwia mzito kukitupa.

Usiniletee yule kijana wa hotelini, Capri Point,
anayewapulizia wageni wakichambua sato.
Saksafoni yake inang'aa kuliko sufuria za bibi arusi.
Anafumba macho mapema mno.
Mtu hufumba macho akishaona kitu.

Sasa nikuambie jambo, na usilifikishe kijiweni.
Mwaka jana nilikwenda Igombe, msiba wa mpiga ngoma wao,
nikamkuta Kaijage.
Mzee. Suruali imeshikwa na kamba.
Akatoa meno ya bandia, akayatia mfuko wa shati,
akapuliza kwa ufizi.
Pembeni wanawake walikuwa wakigeuza dagaa mchangani,
hawakuacha kugeuza.
Vidole vilikimbia vilevile, ngazi mbili mbili,
lakini pumzi haikuvifikia.
Vilisema sentensi nzima, tukasikia maneno matatu.
Na mimi, niliyemtukana miaka yote hii kwenye kiti hiki,
nikajikuta nayajaza mapengo yake kichwani,
noti kwa noti, kituo kwa kituo,
mpaka mwisho.
Kumbe ile ya nembo nyekundu naijua yote kwa ghibu.

Alipomaliza nikamshika mkono.
Akauliza, wewe ni nani?
Nikasema, fundi redio.
Akasema, basi unanijua.

Haibadilishi kitu. Dionizi ni bora.
Rudisha sindano.
Na safari hii, Katabaro, funga mdomo
mpaka mvua ikatike.