Shati la Yule wa Mnara wa Tatu

Unaniuliza jina lake, bwana msomi.
Umepanda milima siku nne juu ya nyumbu kuja kuuliza jina,
na viatu vyako vimelowa theluji. Visogeze motoni.
Jina sina.
Nina kipimo cha shingo yake.

Miaka kumi na tisa nilimfulia, mimi Honorade, mjane wa Roustan.
Kila Ijumaa kapu lilishuka kwa kamba kutoka mnara wa tatu:
mashati manne, soksi, leso mbili,
na kile kitambaa cheusi cha mahameli chenye matundu mawili,
nilichoamriwa nikifue usiku, nikianike ndani,
nisikijaribu usoni.
Nilikijaribu. Kilinuka kitunguu na pumzi ya mtu.

Uso sikuuona, ila nguo haina siri mbele ya maji.
Nilijua kwamba mkono wake ni wa kushoto:
kiwiko hicho ndicho kilichochakaa kwanza.
Nilijua vipindi vya baridi alivyokohoa.
Nilijua mwaka alionenepa kwa kukaa tu,
na mwaka kola zilipoanza kumpwaya,
shingo ikicheza humo kama ulimi wa kengele,
na vitone vya damu pale kwenye mshono. Nikadhani ni wembe.

Huku kijijini kila kinywa kilikuwa na mfungwa wake.
Anselme mwoka mikate alisema ni pacha wa mfalme,
kwa kuwa aliagiziwa mkate mweupe.
Padri alisema ni askofu aliyeasi.
Mke wa mhunzi akaapa kwamba ni mwanamke!
Nilicheka mpaka nikashika ukuta.
Suruali zake nazifua mimi.

Sasa sikiliza, na usiandike bado.
Mwaka ule ng'ombe walipokufa, nilikuta ndani ya pindo la shati
mishono isiyo yangu.
Uzi aliuchomoa kwenye soksi. Sindano sijui, labda mwiba wa samaki.
Alama kumi na moja, zimebanana kama kunguru ukingoni mwa paa.
Mimi sisomi. Herufi kwangu ni wadudu.
Na kumwonyesha padri ni kumwonyesha gavana,
na Gaspard, kijana wa mishumaa, aliyemsalimu tu kwa sauti,
alishushwa mnarani ndani ya gunia.

Nikafumua.
Alama moja kila jioni,
na kabla ya kuukata uzi niliitazama mpaka tukazoeana:
ya kwanza kiti kilicholala chali,
ya pili ndoana,
ya tatu pete, na baada yake pete tena,
ya tano nira ya ng'ombe,
halafu… halafu uzee, bwana.
Zilizobaki zimepotelea kwenye mikunjo ya shuka za watu wengine.

Alipokufa walikwangua kuta, wakachoma godoro,
wakayeyusha hata kijiko chake.
Wakaja hapa, wakasimama pale ulipoketi, wakahesabu:
mashati manne. Yakatimia.
Uzi hawakuuhesabu.

Naona kalamu inakutetemeka.
Kiti, ndoana, pete, pete, nira:
unazipanga, unazipangua, unamtafuta humo mwana wa mfalme.
Nami nimezipanga miaka thelathini, na kusoma sijui.
Nikuambie kinachoninyima usingizi?
Si kwamba lilikuwa jina, nami nikalifumua.
Ni kwamba huenda aliandika tu: sabuni inaniunguza.
Kwamba shingo yake ilikuwa na vidonda, mtu yule,
na katika dunia nzima alibakiwa na mmoja wa kumwambia,
nami Ijumaa iliyofuata,
nilipoona madoa hayatoki,
nikaongeza majivu.