Manga Ipi?

Kitabu chenyewe si kitabu.
Ni karatasi mia na nne za fotokopi, nyeusi na kijivu,
zilizotoka dukani kwa Khatibu, stendi ya Wete,
shilingi mia kila moja, na Khatibu akilalama:
"Wino wangu wote umekwisha kwa nywele za huyu mtoto!"
Tulichanga watatu. Time alitoa zaidi,
ndiyo maana analala nacho siku nyingi kuliko sisi.

Hadithi ni ya mtu aliyetupa upanga akawa muuza chumvi.
Kila mji anaofika wanamtambua
kwa namna anavyoshika kijiko.
Hilo tu. Na hilo tumeligombania tangu Mfunguo Tatu,
maulidi yamekuja yakapita.

Shaame ndiye aliyeanza vibaya.
Alikifungua kama daftari la skuli, kushoto kwenda kulia,
akaja Jumapili macho yamemtoka:
"Hii ndiyo hadithi! Mtu kalala, kafa,
damu ikamrudia kifuani,
upanga ukachomoka ukaingia alani,
wakatazamana, wakainamiana, kila mtu akaenda kwao!"
Tulicheka hata mama yake Time akatoka na mwiko.
Shaame, wewe hukupita chuoni?
Hiki huanzia kulia.

Sauti zilikuwa hazisomeki,
michoro kama nyayo za kaa kwenye tope.
Time akachukua kalamu ya risasi akazijaza:
chubwi kwa jiwe, pwaa kwa maji,
pu kwa aliyeanguka mchangani.
Ukurasa wa sitini na tatu hamna mtu.
Mlango wazi, ndara moja,
na herufi tatu ndogo zimening'inia hewani.
Alifikiri wiki nzima. Akaandika: zii.
Mimi nikasema ni ji.
Shaame akasema kimya hakiandikwi.
Tukanuniana siku mbili kwa ajili ya kimya.

Zamu yangu ilipofika, bibi akanikuta ukumbini.
"N'nini hicho?"
"Manga, bibi."
Akaacha kupepeta mchele.
"Manga ipi?"

Kwake yeye Manga ni nchi.
Ni pilipili manga, ni njiwa manga juu ya bati,
na ni babu, aliyekwenda mara moja tu
kumtazama mjomba wake mgonjwa,
mwaka ambao kwetu hautajwi kwa nambari.
Barua tatu, herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu.
Ya nne haikuja.

Nikamwambia hii ya Ujapani, ni michoro.
Hakusikia, au hakutaka.
Alipangusa mikono kwa kanga, akakipokea,
na mkono wake, bila kufundishwa na mtu,
ukafungua upande wa kulia.
Bibi yangu, ambaye watu wa sensa
wamemwandika kuwa hajui kusoma,
akapita picha kwa picha, chumba kwa chumba,
kidole kikitangulia kama mwenye nyumba,
hajakosea hata mlango mmoja.
Kwenye zii akakaa kitambo.

Nikamhadithia kosa la Shaame, nikitaraji acheke.
Hakucheka.
Akaanza kukirudi kitabu, taratibu,
akikisoma kwa kosa:
ndara ikapata mguu,
mlango ukajaa mtu,
mtu akaja kinyumenyume hadi jamvini,
akatua mfuko wa chumvi,
akakaa, kijiko mkononi,
chai haijapoa.

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama mchele.

"Mwenzenu huyo," akasema, "msimcheke sana."
Kisha: "Na huyu wa chumvi, anarudi?"
Bado, bibi. Sura inayofuata haijatoka.
"Mchoraji yu hai?"
Yu hai.
"Basi mwambieni."

Leo usiku nakirejesha kwa Time.
Ukurasa wa sitini na tatu una alama ya kidole,
unga mweupe wa mchele, pembeni mwa mlango.
Atapiga kelele, namjua.
Kalamu yake ina ufutio nyuma.
Nitaishika mimi.