Kofia ya Kibuyu

Tima aliporudi Kipungani mwezi wa Rajabu
alikisukuma kibakuli changu kwa kidole kimoja.
"Shangazi, asali ya nyuki nimeiacha.
Ni akiba ya mwenyewe. Sisi huingia na moshi, tukachukua."
Nilimtazama. Huyu ndiye niliyemlambisha
asali na kitunguu maji usiku kumi na mmoja
kifaduro kilipotaka kumwondoa.
Sikumjibu. Nilifunika kibakuli.

Alikuja na yake, chupa ya tende,
nyeusi, nzito, inayong'ang'ania meno kama mdai.
Jirani yangu Mwanamize akasikia, akaleta sukari guru
aliyoiyeyusha kwa ndimu na iliki:
tamu, ndiyo, lakini tamu ya kaimati,
haijui la kufanya ikikutana na mkate wa mofa.

Basi nikakumbuka asali ya mama yangu.

Nyundo mgema hushuka kabla jua halijagusa makuti,
kibuyu kiunoni, kotama mgongoni:
tembo la usiku, tamu, halijajifunza ukali.
Nalo hujifunza upesi. Likifika adhuhuri
halijaonja moto, ni la watu wengine,
kizingiti changu halivuki.
Kwa hiyo mimi na jua tuna mbio zetu.

Vifuu motoni. Sufuria pana.
Povu linapanda, nalirudisha kwa mwiko,
linapanda tena na maneno yake.
Maji ya rangi ya maziwa yanakuwa chai,
chai inakuwa kaharabu,
na vibuyu vinne vinakubali kuingia chupa moja.
Nikiinua mwiko, uzi haukatiki.
Hapo ndipo naondoa moto, si kabla,
na atakayeniita wakati huo aite mpaka achoke.

Tima alichovya, akafumba macho.
"Hii ndiyo. Hapa hakuna aliyeibiwa."
Akalamba mpaka kiganja.
Nikasema alhamdulillahi, nikaangalia pembeni.

Kwa sababu kitambaa cha kuchujia nilikuwa nimekikung'uta
nyuma ya jiko, yeye akiwa bado amelala.
Nyuki kumi na tisa.
Huja na mwanga wa mwisho, wananusa panda lililokatwa,
huinama kunywa, hawainuki.
Miaka arubaini nakung'uta kitambaa hicho
sikuwahi kuhesabu.
Siku ile, sijui kwa nini, nilihesabu.

Siku mbili nilikaa na kumi na tisa wangu.
Ya tatu nikamwamsha alfajiri:
"Njoo unishikie kitambaa."
Akashika. Tembo likapita. Wao wakabaki,
mbawa zimegandana, matumbo yamejaa.
Nilingoja machozi, au hotuba.
Akauliza tu, "Ukili umebaki?"

Alisuka mpaka isha, vibaya,
ukili ukimkata vidole vilivyozoea kalamu:
kawa ndogo, yenye tundu la kupitisha panda.
Nyundo aliigeuza, akaigeuza tena,
akacheka mpaka akakaa chini.
"Wagema husifiwa, wakatia maji.
Mimi nimevishiwa kibuyu kofia!"
Lakini alipanda nayo.

Asubuhi ya kwanza, tisa.
Tukaibana shingo kwa kamba ya makumbi.
Ya pili, sita. Baada ya wiki, wanne.

Leo wanne tena.
Tima anawapanga juu ya jani la mgomba,
anawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja,
kama mtu anayelipa dukani,
kisha ananawa, anakata mkate.