Arobaini na Moja na Siku Tano

Siku za mwizi ni arobaini.
Zako, mwanangu, ni wiki,
nazo ni arobaini na moja na siku tano,
na bado hujakamatwa.

Mkunga Tuulikki anazungusha gurudumu lake la karatasi,
kidole kinasimama Jumatano.
Daktari Rautio anasema: tukianzisha leo, hivi;
tukingoja hadi Ijumaa, vile.
Anatamka "kati ya elfu" kama mtu anayepima unga.
Mimi si elfu. Mimi ni mmoja,
na ndani yangu mmoja.

Saa nne ya asubuhi, na asubuhi haijafika.
Dirishani Rovaniemi ni buluu na chumvi.
Tumetoka Inari, kilomita mia tatu
nyuma ya gari la kuondoa theluji.
Dereva wake ni kaka yangu Aslak,
yeye ambaye mama alimngoja hadi wiki ya arobaini na tatu,
akatoka na kucha ndefu, ngozi ikibambuka kama kitunguu,
kimya,
kimya hadi kibao cha tatu.
Mama huisimulia kwa kicheko.
Sijawahi kumsikia akiimaliza.

Aliyesema ngojangoja huumiza matumbo,
alilijua tumbo gani?
Na aliyeikataa haraka,
alilala kitanda hiki?

Nikasema: anzisheni.

Basi puto la maji, kama la sherehe isiyofika.
Basi dripu, tone, tone,
uchungu wa kuazima,
unaoingia bila hodi.
Usiku kucha Oiva amenishika kiuno,
ananihesabia kwa Kisami, anakosea, anarudia saba.
Mashine inachora mlima, bonde, mlima.
Mara bonde linakawia.
Watu wanne mlangoni. Mkono unaifunga dripu.
Moyo wako unapanda tena, taratibu,
kama mtu aliyerudi kuchukua kitu alichosahau.

Ukatoka Alhamisi alfajiri, saa kumi na moja na dakika sita,
ukilia kabla ya mabega.

Tuulikki analigeuza kondo katika beseni la chuma,
anagusa madoa meupe, kama chokaa.
Namuuliza: angeweza kungoja?
"Huenda."
Na kama tungengoja, je, angedhurika?
Anavua glovu moja.
"Huenda," anasema, anavua ya pili.

Kucha zako nimezitazama. Ni fupi.
Nimezihesabu mara mbili.